Shule ya Kuumwa Mgongo

Fiston alikuwa mzima kama ng'ombe wa milimani siku aliposikia, katikati ya soko la Kitshanga, kwamba shirika moja litagawa magodoro kwa watu wanaoteswa na mgongo miaka nenda miaka rudi. Papo hapo akawahurumia wagonjwa hao. Zaidi aliwahurumia matajiri wa soko ambao, kwa bahati mbaya, hawakuumwa popote.

"Papa Kanyamibwa," alimwambia mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu aliyekuwa na magodoro hata ya wageni, "matela ya bure itakupita hivi hivi?"

"Mi siko mugonjwa, Fiston."

"Njo ile shida tutaondoa. Ugonjwa inafundishwaka."

Ada ilikuwa jibini moja zima la Masisi. Kanyamibwa alilipa. Mama Gaëlle wa duka la vitenge alilipa pia, na wengine wenye moyo kama wao. Fiston aliyauza majibini yote isipokuwa kipande kimoja, kisha akakumbuka kwamba shule huhitaji mwalimu.

Alimwendea Mama Epiphanie, mkimbizi kutoka Kibabi. Tangu alipoanguka na mzigo akikimbia vita, mgongo wake haukupoa hata siku moja. Alikodi shamba mlimani, na sasa magugu yalikuwa yanameza maharagwe yake, chakula cha watoto, huku shemeji yake akimwita mvivu. Faraja yake ilikuwa kikundi cha wanawake wenzake, ambako muuguzi wa shirika lile la magodoro, Colette, aliwafundisha kufanya kazi kidogo kidogo, kupumzika bila aibu, na kusema panapouma.

"Unifundishie bantu, wanafunzi yangu, kulia kama wagonjwa," Fiston alimwomba. "Nitakupa kipande ya fromaji."

Epiphanie alimtazama kwa upole wa kutisha.

"Kulia? Mwenye kuumwa ya kweli hapana lia mbele ya bantu, kaka. Anacheka, anasema, niko bien, niko muzima. Lakini namna ya kutembea, ile haiigwe. Waje kuinama kwa shamba yangu, asubuhi mpaka saa sita. Na weye mukubwa wa shule, utakuwa mbele."

Basi wanafunzi wakapanda mlima na majembe. Wiki nzima waliinama, watu ambao kazi yao nzito ilikuwa kuhesabu faida, na kila asubuhi Epiphanie aliwarudia somo: anayeumwa kweli hutabasamu na kusema, niko bien. Mama Gaëlle alilia kwa ufundi mkubwa, bila kufundishwa. Fiston, aliyekuwa mbele kwa heshima ya cheo, alianza kutembea kama mtu anayetafuta sindano barabarani.

Siku moja Kanyamibwa aliegemea jembe lake. "Mama, na mugongo kama hii, usiku unalalaka namna gani?"

"Upande moja. Kisha upande ingine. Kisha ninakaa, ninangoja kuche."

Kanyamibwa aliinama tena. Alilima mistari iliyofuata bila kunung'unika, jambo ambalo mkewe asingeliamini.

Siku ya magodoro ikafika. Colette alimwita Kanyamibwa, aliyeingia amekunjamana kama shati ndani ya gunia.

"Papa, iko wapi inakuuma?"

Mwanafunzi hodari akakumbuka somo. Akatabasamu kwa meno yote. "Hakuna pahali. Niko bien."

"Mungu asifiwe," alisema Colette, akamwonyesha mlango. Wenzake nao walitabasamu, nao wakaonyeshwa mlango huohuo.

Kisha akaingia Epiphanie. "Inaanzia hapa chini, inashuka mu muguu," alisema. "Inaniondolea furaha, dada, na nimechoka kuificha." Akapewa godoro.

Nje, Fiston alikuwa amekwisha kulipia pikipiki ya kumtorosha hadi Omate, kule Walikale, wachimbaji wa dhahabu wasikomjua. Matajiri walimwona, wakamkimbiza. Kitshanga haikuwahi kuona mbio za aina ile: anayekimbia ameshika kiuno, wanaomfukuza wameshika viuno, na kuku mmoja akiwapita wote bila haraka.

Fiston alikuwa wa kwanza kufika kwenye pikipiki. Akainua mguu. Mguu ukakataa.

"Panda, kaka!" dereva alimhimiza.

"Ngoja kwanza."

Dereva hakungoja. Epiphanie alikuwa amesimama pembeni na godoro lake, safari ilikwisha lipiwa, na kwake ni karibu kuliko Omate. Wanawake wa kikundi walilifunga godoro nyuma, wakampandisha mwenzao taratibu, na pikipiki ikaondoka.

Kanyamibwa akamfikia Fiston. Akakunja ngumi, akairusha, mgongo ukamnasa, na wote wawili wakaanguka matopeni.

Walijaribu kuinuka, kila mmoja peke yake, wakarudi chini.

"Nisaidie kusimama," Kanyamibwa alisema mwishowe, akinyoosha mkono, "nikupige."

Fiston akajaribu kwa moyo wote. Hakuweza.