Ruhusa ya Urojo

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kakubali! Kawthar wa duka la dawa kakubali! Wiki ya tatu hii nnanunua dawa ya kikohozi na wala sikohoi. Leo nikajikaza, nikamuuliza kama atapenda tutembee mjini, tule urojo. Kasema sawa, Alhamisi baada ya laasiri, lakini iwe kawaida tu, hataki makeke. Mimi na makeke wapi na wapi? Nshapeleka kanzu tatu kwa dobi.

Jumanne, 5 Agosti
Basil kaja kunikera. Binamu yangu huyu anauza simu mkabala na duka langu la mapazia, Mlandege nzima inamjua kwa mafuta mazuri anayojimwagia. Kasema mtoto wa watu hatolewi nje kienyeji, lazima kwao wajue, au mimi mhuni? Nimekereka. Nimekereka zaidi kwa kuwa kasema kweli.

Basi nikapata wazo, tena lenye adabu. Ami Jamil aende kwa Mzee Abdulla, baba yake Kawthar, aniombee ruhusa ya urojo. Urojo tu! Ami kakubali mbio mbio. Kauliza avae joho? Nikamwambia avae atakalo.

Jumatano, 6 Agosti
Yarabi! Nimekwisha. Ami kavaa joho, kabeba halua, kachukua na wazee wawili wa msikitini. Mtu akiingia nyumba ya watu na joho na halua, nani atasikia habari ya urojo? Udi ukafukizwa, Fatiha ikasomwa. Ami kaenda kuomba jioni moja, karudi na harusi. Mama kapiga vigelegele mpaka majirani wamekuja kuuliza.

Kawthar kaniandikia kwenye simu kuwa yeye alikubali urojo. Basi. Hata salamu hakuweka. Nimeandika majibu, nimeyafuta. Basil kacheka mpaka kashikilia mlango. Namchukia.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumekwenda. Sote! Eti mimi sasa mchumba, lazima tusimamiwe: mama yangu, mama yake, shangazi yake Bi Khawla, na Ami na joho lake. Benchi moja. Kawthar mwisho kule, mimi mwisho huku, katikati ukoo. Nikakunja nne nionekane sina wasiwasi. Bakuli likapinduka, kanzu manjano tupu!

Kisha nani katokea bila ya kualikwa? Basil! Kakaa ubavuni mwa Kawthar, anamchagulia bajia. Nikapaliwa kwa hasira. Kikohozi cha kweli, machozi yananitoka. Aliyenyanyuka kuniletea maji ni Kawthar. Kaninong'oneza kuwa kwa dawa niliyonunua kwake, kifua changu kingeshapona, na cha jirani pia. Kumbe alijua tangu chupa ya pili! Na kacheka. Nampenda mtu huyu. Nampenda, na bado hatujazungumza hata robo saa peke yetu.

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya sala nimekwenda mwenyewe kwa Mzee Abdulla. Shikamoo, marahaba, kisha nikatapika yote: anisamehe, harusi isimame, Kawthar kwanza anijue, na akinikataa nitakubali.

Mzee kauliza kwa nini sikuja hivi tangu mwanzo. Kamwita bintiye, na Kawthar kasema harusi hapana, urojo ndiyo. Kesho, sisi wawili tu, arudi nyumbani kabla ya magharibi. Mlangoni Kawthar kaniomba jambo moja: safari hii nisimwambie mtu. Nimeapa.

Jumamosi, 9 Agosti
Siri imekaa vizuri. Basil nimeshapatana naye, atasimama Darajani, akimwona Ami anakuja anipigie simu. Mama anampikia Ami biriani ili asitoke nyumbani. Wale wazee wawili wa msikitini wataishika benchi mapema, asikae mtu. Muuza urojo kaahidi kujifanya hanijui. Hata Bi Khawla nimemweleza, asije akashtuka akitukuta. Wanaojua ni sita tu, wote watu wa kuaminika.

Bi Khawla kauliza kama wavae sare. Sare! Watu si watatushtukia? Nimemwambia wavae rangi moja tu, inatosha.