Suala Liko Mbioni

Jumatatu, 8 Juni

Nimebakiza siku nne nistaafu, na leo Katibu Mkuu kaninyang'anya kalamu. Kwa barua! Kuanzia sasa majibu ya Waziri wetu bungeni yataandikwa na Msomi, binti aliyeletwa wizarani mwezi uliopita na kompyuta yake mgongoni. Mimi nibane karatasi. Miaka thelathini na moja kwenye dawati la majibu, halafu nibane karatasi!

Nikamuuliza Msomi jibu zuri ni lipi. Akasema, kwa adabu zote, ni lile linalojibu swali. Ilibidi nikae chini.

Alhamisi Waziri ana maswali mawili. La kwanza ni mpaka, ambao jirani zetu wa ng'ambo ya mto wameufunga. La pili, kwa niaba ya mwenzake wa Ujenzi aliyesafiri, ni daraja. Daraja lile lile!

Daraja lile ndilo lililokuwa jibu langu la kwanza. Nililipiga kwa taipureta, nikiwa kijana mwembamba ndani ya koti la harusi, nikatia neno ambalo wizara haikuwahi kulitumia: mbioni. Suala hili liko mbioni. Waziri wa enzi zile, tuliyemwita Mzee Sauti, alilitamka polepole, na ukumbi mzima ukapiga meza. Mke wangu alikuwa anamenya vitunguu kwenye chumba chetu kimoja cha kupanga, redio iko dirishani. Nilipofika akaniambia hiyo ilikuwa yangu, ameijua tu. Machozi yalikuwa yanamtoka. Ya vitunguu, najua, lakini niliyachukua kama yangu.

Kwa miaka mingi aliniambia vile kila nikirudi. Siku hizi hasikilizi tena Bunge. Anasema majibu yote yanafanana. Hilo limeniuma kuliko barua ya Katibu Mkuu. Nataka neno langu lisomwe mara moja tu kabla sijaondoka, na yeye alisikie. Basi.

Jumanne, 9 Juni

Nimepata njia! Maswali ya msingi ni ya Msomi, amebarikiwa nayo. Lakini swali la nyongeza huulizwa papo hapo, na Waziri hungoja kikaratasi kutoka kwetu maofisa tunaokaa nyuma yake. Nani atazuia kikaratasi?

Nikamwendea shemeji, kaka wa mke wangu, mbunge wa miaka kumi. Kumbukumbu za Bunge zinamtaja mara moja, siku aliyoomba dirisha lifungwe. Akasema yuko tayari, mradi swali liwe fupi na herufi ziwe kubwa. Nimemwandikia: Daraja lini?

Jumatano, 10 Juni

Vikaratasi viwili tayari, kwa mwandiko wangu wa zamani. Cha daraja kinasema: "Suala hili liko mbioni, na tutafika ng'ambo ya mto kabla ya mwaka kwisha." Cha mpaka, endapo na hapo patazuka la nyongeza: "Sisi ni ndugu wa damu, na hatutaingilia mambo ya ndani." Vitamu vyote viwili. Waziri atasoma. Waziri wetu husoma chochote anachopewa. Mwaka jana alisoma hadi "geuza ukurasa".

Nimemwambia mke wangu kaka yake atasema kesho bungeni. Akashtuka, akauliza kama anaumwa. Atasikiliza.

Nimelitoa koti la harusi. Linabana tumboni. Mke wangu kaona mifuko imetoboka ndani, akataka ashone. Nimekataa. Akiingiza mkono atakuta vikaratasi, na nataka avisikie, si avione.

Alhamisi, 11 Juni

Yamenikuta!

Mpaka ulianza. Msomi alikuwa ameandika tarehe, idadi ya malori, kila kitu. Watu wakasinzia. Mara mbunge wa upande wa mpakani, mama mwenye sauti ya kengele, akasimama na la nyongeza: Serikali ina mpango gani na hao jirani? Mhudumu wa ukumbi akaninyooshea mkono. Mfuko wa kulia, mtupu. Wa kushoto, mtupu. Vikaratasi vyote vimezama kwenye bitana! Nikapekua hadi chini ya kwapa, nikatoa kimoja, mhudumu akakipokonya. Kusoma sikuwahi.

Waziri akakisoma kwa sauti kavu. Mheshimiwa Spika, suala hili liko mbioni, na tutafika ng'ambo ya mto kabla ya mwaka kwisha.

Balozi wa jirani zetu, aliyekuwa roshani ya wageni, akainuka na kutoka nje mbio na simu sikioni. Nusu ya wabunge wakapiga makofi. Wengine wakauliza kama jeshi linatosha.

Ikaja zamu ya daraja. Nikamwonyesha shemeji kwa mikono aache. Akadhani namtia moyo. Daraja lini? alinguruma. Mhudumu akakichomoa mwenyewe kikaratasi cha pili kwenye bitana ya koti langu, na Waziri akatangaza kwamba sisi na daraja hilo ni ndugu wa damu, na hatutaingilia mambo yake ya ndani. "Yake" kaiongeza mwenyewe!

Katibu Mkuu akageuka kututazama. Nikatazama dari. Msomi alikuwa ameona kila kitu. Akatazama dari pia.

Nimerudi nyumbani miguu mizito. Mke wangu alikuwa amekaa karibu na redio, anafuta macho, hana pumzi kwa kucheka. Akasema Waziri hata hajamaliza sentensi alishajua. Hiyo ni yako, mume wangu, hiyo ni yako! Nilitazama mezani. Hapakuwa na kitunguu hata kimoja. Nimefurahi, wacha niseme ukweli, nimefurahi kama kijana.

Ijumaa, 12 Juni

Nimeaga. Soda na hotuba fupi. Msomi ameandika maelezo kwa balozi, kurasa mbili, na balozi ametulia. Nimemwachia taipureta yangu. Aliipapasa vibonye, akaniuliza kama kweli tulikuwa tunaandika bila kufuta. Nikamwambia tulikuwa hatukosei.

Jumatatu, 15 Juni

Mama wa mpakani amewasilisha swali: ni nani aliyeandika kikaratasi kile? Litajibiwa Alhamisi. Msomi kanipigia simu, ananong'ona. Hawezi kunitaja, hawezi kudanganya, na kompyuta haimsaidii. Mjomba, jibu linaandikwaje?

Mjomba! Nikamsomea taratibu, aandike: Mheshimiwa Spika, kazi ya kumtafuta mhusika iko mbioni.

Mke wangu anashona mifuko ya koti. Ameshasogeza redio dirishani kwa ajili ya Alhamisi. Mimi nimempigia shemeji, ampatie Waziri na la nyongeza. Swali fupi, herufi kubwa. Kikaratasi nimeshaandika.