Nimebakiza Mechi Moja

Jumanne, 13 Agosti 2019

Goti limevimba kama boga. Jana daktari wa mjini kaniambia kwamba kano la ndani limekatika kabisa na mpira kwangu basi. Akaongeza kwamba nina miaka thelathini na minane, kana kwamba nilimwuliza. Nikamwuliza nitacheza lini. Akasema nadhani hujanisikia, bwana Noske.

Nimemsikia. Ila yeye si mtu wa Wirrabel. Hajui kwamba nimeichezea timu yetu mechi mia mbili tisini na tisa. Hajui habari za ubao. Ubao uko ukutani klabuni, juu ya meza ya pai za nyama, na majina yake ni ya dhahabu. Tisa tu kwa miaka mia na kumi. Ukifika mechi mia tatu unaandikwa. Ukiishia mia mbili tisini na tisa huandikwi popote, unabaki kuwa jamaa fulani aliyewahi kucheza hapa.

Zimebaki mechi mbili msimu uishe. Ya Jumamosi hii niisahau, bado nina magongo. Ya mwisho ni tarehe 24, nyumbani. Sheria ya ligi ni tamu: jina likiwa kwenye karatasi ya kikosi na mguu ukavuka mstari wa uwanja, hata kwa dakika moja, mechi imehesabiwa. Dakika moja naiweza.

Trudi, mke wangu, aliuliza nitafanya nini mpira ukiisha. Nikamwambia nitaosha vyombo. Akasema nianze na vya leo.

Ukweli ni kwamba sijui. Tangu nikiwa na miaka kumi na saba, Jumanne na Alhamisi ni mazoezi, Jumamosi ni mechi. Siku nne nyingine nilikuwa nasubiri tu.

Alhamisi, 15 Agosti

Nilificha magongo ndani ya gari nikaingia uwanjani kwa miguu yangu. Kocha wetu ni Dale Petschel. Ana miaka ishirini na sita. Nilimfundisha kupiga mpira wetu huu wenye umbo la yai akiwa bado na meno ya utoto, leo yeye ndiye anayepuliza filimbi. Msimu huu hachezi, bega limevunjika, mkono uko kwenye kitambaa.

Nikataka kumwonyesha kwamba nimepona. Nikakimbia. Hatua nne safi. Ya tano goti likaenda upande wake na mimi upande wangu. Nikalala kwenye tope mbele ya timu nzima, nikasema naitafuta pete yangu ya ndoa. Wakaja kunisaidia. Wanaume ishirini na mmoja wakachambua tope kwa dakika kumi, na pete iko kidoleni. Sikuwa na ujasiri wa kuwaambia.

Baadaye Dale akanivuta pembeni. Mwakani anataka niwe msaidizi wake, nifundishe washambuliaji. Kwa sasa nivae koti jeupe, nisimame nyuma ya nguzo za goli nipunge bendera mbili mpira ukiingia, maana mzee anayefanya kazi hiyo macho yamemchoka. Koti jeupe! Mimi! Nikasema nitafikiria. Sitafikiria.

Nafasi yangu ya kushambulia, ile kona ya mbele, kapewa Rhett Mulcahy, miaka ishirini. Alikuja kunipa pole. "Mzee, goti vipi? Usiwe na wasiwasi, kiti chako nakilinda." Meno yote nje. Ana adabu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumatatu, 19 Agosti

Juzi tumefungwa kwa tofauti ya magoli kumi na moja. Habari njema. Lakini Dale hakunitaja hata mara moja. Amesema bado tuna watu ishirini na mmoja, tutamaliza nao.

Nimelala kitandani nikapiga hesabu hiyo. Timu ya pili ilikufa mwezi Juni kwa kukosa watu. Usajili ulifungwa mwezi huohuo, hakuna anayeweza kuongezwa. Uwanjani wanaingia kumi na wanane. Kwa hiyo wakipungua wanne, wanabaki kumi na saba, na wa kumi na nane ni nani? Ni mimi. Dale atanibembeleza. Huenda hata akapiga magoti, anayaweza.

Wanne tu. Sitamuumiza mtu. Nitawapeleka mahali pazuri.

Jumanne, 20 Agosti

Kazi imekwisha kabla ya chai ya saa nne.

Kwanza Rhett. Nilimwambia samaki wakubwa wameanza kula mtoni, na kibanda changu kule kiko wazi, na mashua ya bati ipo, achukue yeye na binamu yake, naye ni wa kikosi, waondoke Alhamisi asubuhi warudi Jumapili. Akasita. Akasema na mechi je, mzee? Nikamwambia mechi yenyewe haina maana, tuko wa mwisho, na ujana ni mara moja. Akanikumbatia. Alisema hakuna mtu klabuni aliyewahi kumfanyia wema kama huo. Nilijisikia vibaya mpaka nilipofika kona ya posta.

Kile kibanda nimekichagua kwa akili. Hakuna mtandao wa simu. Dale hawezi kuwaita.

Kisha ndugu wawili wa Heffernan, wakata manyoya ya kondoo. Niliwaambia kuna shamba ng'ambo ya mpaka limekimbiwa na wafanyakazi. Na ni kweli, kwa mara moja sikuhitaji kudanganya. Wanaondoka kesho.

Jioni nikapita kwa mama mkwe, Nola, kuazima ngazi. Alinifungulia mlango kidogo tu, mkasi mkononi, akaniambia sitaki mtu humu ndani leo, nenda zako. Miaka kumi na tano ya ndoa na bado ananifukuza kama paka. Namwombea heri.

Alhamisi, 22 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Mazoezini walikuja kumi na mmoja. Nilitarajia kumi na saba. Nikahesabu tena. Kumi na mmoja. Nikauliza kwa upole wengine wako wapi. Hakuna aliyejua, ila simuni nilikuta ujumbe wa Rhett wa asubuhi: hakuchukua binamu peke yake, amechukua watu saba, kasema kibanda changu ni kikubwa na ni dhambi kuwaacha wenzake. Huyo ndiye Rhett na adabu zake.

Baada ya mazoezi tukaingia klabuni kunywa supu na kusikiliza kikosi, kama kila Alhamisi. Dale akasimama na karatasi. Jina la kwanza alilosoma lilikuwa langu.

Watu wakaanza kugonga meza. Mlango wa jikoni ukafunguka, Nola na wanawake wengine wakaingia wamebeba bango la karatasi, lile ambalo mtu wa mechi ya mia tatu hulipasua kwa kulipitia mbio. Limeandikwa jina langu, GARTH, na 300 yenye urefu wa mtu. Wamekuwa wakilibandika selotepu sebuleni kwake tangu Jumapili. Ndiyo maana ya mkasi.

Dale akasema alishaamua kitambo. Jumamosi iliyopita aliongea na mwamuzi, na wapinzani wamekubali kwamba hakuna atakayenigusa. Nitavuka mstari, nitasimama kwenye kona yangu dakika moja, nitatoka. Alinyamaza ili iwe siri. Aliogopa nikijua nitaanza kufanya mazoezi na kuliharibu goti kabisa.

Nililia. Wote walidhani ni furaha. Nola akanifuta pua kwa taulo ya vyombo akasema, "Haya mwanangu, basi." Hajawahi kuniita mwanangu.

Kisha Dale akauliza, wale wengine wamekwama wapi leo? Nikanywa supu.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimeendesha gari saa mbili na nusu hadi mtoni, mguu mmoja ukifanya kazi ya miwili. Nilimwambia Trudi nakwenda kununua njumu mpya.

Kibanda kitupu. Mashua haipo. Vitanda vimetandikwa vizuri, wamefagia hata chini. Wamevuka. Niliona moshi wao ng'ambo, nikaona na fulana nyekundu ya Rhett. Nikapiga kelele. Nikapunga mikono yote miwili. Nikavua koti nikalipunga. Nikaita majina yao, mmoja mmoja.

Wakasimama wote wanane. Wakanipungia. Nikamsikia Rhett anawaambia wenzake, upepo unaleta sauti yao kwangu na kunirudishia yangu, "Jamani, ni mzee Garth, amekuja kutuangalia kama tuko salama." Wakaniinulia makopo ya bia. Wakanipigia makofi.

Maji ya baridi ya mwezi huu yanaua hata mtu mwenye magoti mawili. Nilikaa ukingoni karibu saa nzima nikiwapungia. Mwisho wakaingia kwenye mashua nikadhani wamenielewa, kumbe wanakwenda kuvua mbele zaidi, kwenye kona ya mto. Wakanipungia tena wakipotea.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliyesema hivyo hakuwa na goti langu. Nilirudi bila njumu, na Trudi akaitazama mikono yangu mitupu.

Jumamosi, 24 Agosti

Wapinzani kutoka Tarrick walifika saa sita, basi zima. Sisi chumbani tulikuwa kumi na mmoja, na mimi kumi na wawili. Sheria inataka wasiopungua kumi na wanne, vinginevyo mechi haianzi.

Col Hannaford, mtunza kumbukumbu wetu, miaka sabini na miwili, alitoka chooni amevaa bukta. Kila mtu akatazama chini. Dale akamshukuru, akamkumbusha kwamba usajili umefungwa. Kisha Dale mwenyewe akaufungua mkono wake kutoka kwenye kitambaa, akavaa jezi taratibu, bega moja kwanza, akiuma midomo. Yeye amesajiliwa. Kumi na watatu.

Mwamuzi alituhesabu mara mbili. Alikuwa na huruma, alituhesabu mara ya tatu kuanzia upande wa pili. Kumi na watatu. Akasema samahani sana, jamaa zangu. Tarrick wamepewa ushindi wa mezani.

Haijawahi kutokea Wirrabel. Timu ilicheza wakati wa ukame, ilicheza mwaka ule panya walipovamia mashamba, haikuwahi kukosa watu. Wazee walikuwa kwenye magari yao kuzunguka uwanja, vioo juu, wanasubiri kupiga honi. Hakuna aliyepiga. Baadaye wakaanza kuwasha injini, gari moja moja.

Bango lilikuwa limesimama katikati na wanawake wanne wamelishikilia. Nola akauliza je, Garth asipite tu, hata kwa picha? Col akasema anaweza kupita, ila haitahesabiwa. Wakati wanabishana upepo wa kaskazini ukalipasua kutoka juu hadi chini. Wakaokota vipande.

Tarrick waliimba wimbo wao wa ushindi chumbani kwetu, kisha wakala supu yetu. Binti yangu Bridie alishinda mechi yake ya netiboli pale kiwanja cha pembeni. Nilisahau kwenda kutazama.

Dale alipelekwa kufungwa bega upya.

Jumapili, 25 Agosti

Kifungua kinywa cha kufunga msimu. Soseji, mayai, watu wanaongea kwa sauti za msibani. Kila mtu anajiuliza vijana wamewezaje kutufanyia vile. Mimi pia nilijiuliza, kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilisema vijana wa siku hizi hawana moyo.

Hapo ndipo Rhett alipoingia na samaki mrefu kama mtoto wa darasa la pili. Akaja moja kwa moja mezani kwangu, akamlaza mbele ya sahani yangu. Akatangaza kwamba huyu ni wa mzee Garth. Bila yeye wasingekwenda, yeye ndiye aliyesisitiza, akawapa kibanda, akawapa mashua, na Ijumaa akaendesha gari mpaka kule kuwaangalia. "Watu kama hawa hawapo tena," akasema.

Halafu akaanza kuziona nyuso. Akauliza, kwani tumefungwa ngapi?

Hakuna aliyenipiga. Ingekuwa nafuu. Col akafunga daftari lake la mechi, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo. Nola akalichukua lile taulo la vyombo akaondoka nalo. Dale akaja mwisho, mkono umefungwa kifuani, akainama karibu na sikio langu. "Dakika moja tu, mzee. Ulikuwa nayo tayari." Akaenda kumfariji Rhett, ambaye alikuwa analia nje karibu na mapipa.

Niliona aibu. Naiandika hapa kwa sababu sikuweza kumwambia mtu. Nimewanyang'anya watu Jumamosi yao, na nimejinyang'anya yangu. Trudi alisema sikio la kufa halisikii dawa, kisha akanikatia samaki.

Jumatano, 28 Agosti

Barua imekuja kutoka hospitali. Wamenipatia nafasi ya upasuaji tarehe 17 Septemba. Bahati kubwa, wanasema, wengine husubiri mwaka. Watalijenga goti upya. Kupona ni miezi kumi na miwili bila kukimbia, nikifuata masharti. Nisipofanyiwa, nitachechemea maisha yangu yote.

Dale kapita jioni. Sikutarajia. Alisimama mlangoni, akasema ile nafasi ya msaidizi bado ipo. Klabu haijafurahi, lakini yeye ndiye kocha, na washambuliaji wake hawajui kusimama mahali pazuri, na hilo ndilo jambo pekee nililowahi kulijua mimi. Nikamshukuru kwa moyo wote. Nikamwuliza kama msaidizi wa kocha anaruhusiwa kumwandikia kocha karatasi ya kikosi siku akiwa na shughuli nyingi. Alinitazama sana. Akaniambia nilale vizuri.

Nimepiga hesabu kwenye kalenda ya jikoni. Septemba hadi Septemba ni msimu mzima umekwenda. Nitakuwa na miaka thelathini na tisa na bado mechi mia mbili tisini na tisa.

Nimewapigia simu hospitali wampe mtu mwingine nafasi yangu. Dada wa mapokezi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Trudi nimemwambia wao ndio walioahirisha.

Ligi inaanza Aprili.