Vidonge vya Bingwa

Jumatatu, 3 Machi

Ewe uliyeliokota daftari hili, tafadhali lifunge. Kama umeshindwa, basi usimwambie mtu hata neno moja, hasa mama yangu. Mimi ni karani wa dirisha la kadi hapa hospitalini, na nimejiunga na utafiti wa dawa ya wanaume wasiopata mtoto. Mke wangu anadhani nameza vidonge vya tumbo. Mama anasema kasoro ni ya mke wangu. Nami nimenyamaza. Mwoga mkubwa!

Daktari ametueleza kuwa nusu yetu tumepewa dawa, nusu vidonge vinavyofanana nayo ila ndani hamna kitu, na hata yeye hajui nani kapata nini. Hata yeye! Sasa anajua nani?

Jumatano, 5 Machi

Nimelamba kidonge. Hakina ladha. Dawa isiyo chungu ni dawa gani?

Dereva wa gari la wagonjwa, tunayemwita Bingwa, naye yumo kwenye utafiti. Leo kapita koridoni akipiga mluzi, akaniuliza mbona karani umenyong'onyea kama shati lililosahauliwa kambani. Mtu hapigi mluzi hivi hivi. Dawa anayo yeye!

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya! Kopo la vidonge vya Bingwa hukaa kwenye kabati la madereva. Nimemimina vyake kwangu, vyangu kwake. Kimoja kikabingirika chini ya kabati. Nikalamba kingine. Hakina ladha! Labda nimejirudishia vilevile. Nikarudi nikabadilisha tena. Au hiyo ilikuwa mara ya tatu? Sijui. Sina uhakika hata kopo ninaloshika ni la nani.

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Muuguzi kahesabu vidonge, hesabu ikagoma. Tukaitwa wote wawili. Kabla sijafungua mdomo, Bingwa kapiga magoti. Amekuwa akibadilisha makopo yeye! Eti kila akiniona dirishani nimetulia hivyo, akajua dawa ninayo mimi. Na mluzi? Akasema huo ni woga, ndugu yangu, nikinyamaza nalia. Nikajikuta nami nakiri. Kwa hiyo vyangu vilikuwa vyake, na vyake nilipovirudisha vikawa... Daktari akashika kichwa. Kasema matokeo yetu hayafai tena. Nje, wote wawili.

Nyumbani nimemweleza mke wangu yote. Akauliza, miaka yote hii mama yako ananinyooshea kidole, na wewe umekaa tu? Akalia. Kisha akasema haya, mume wangu, kesho twende pamoja, na safari hii ukweli mtupu.

Jumatano, 12 Machi

Daktari katupokea vizuri, kama wagonjwa wa kawaida. Huenda ni mishipa ya korodani iliyovimba tu, na upasuaji mdogo unaweza kusaidia. Ila kwanza kesho asubuhi nilete mbegu zangu za kiume zipimwe upya. Mke wangu kanishika mkono mpaka getini. Nimemwahidi ukweli mtupu.

Lakini zikionekana dhaifu, daktari si atanikatia tamaa? Nataka aanze kazi akiwa na moyo. Kaka yangu ana watoto watano. Zake hazina maswali. Majibu yatatoka safi, na nyumbani hakuna atakayelaumiwa tena!

Kaka, ukurasa huu nauchana nikuletee. Nikute nyuma ya maabara, penye matangi ya maji, kabla madirisha hayajafunguliwa. Usiniulizie kwa jina, kohoa tu. Kikopo chenye mbegu zako kiweke kwapani kisipoe. Na usipige simu nyumbani, anapokea mke wangu.