Keki za Harusi na Koti la Kijivu

Jumatatu, 18 Novemba

Koti limegoma! Vifungo na matundu yake vinatazamana kwa mbali kama wakwe waliogombana. Na Jumamosi binti yangu Pei-chun anaolewa, nami niliapa mbele ya ukoo mzima kwamba nitamsindikiza jukwaani na koti lile lile nililomwolea mama yake. Mdomo huu! Shemeji Ting-yuan, kaka wa mke wangu, mwembamba kama kijiti cha kulia, akaniambia: “Shemeji, koti hilo ni la yule kijana aliyemwoa dada yangu. Siku hizi yuko wapi?”

Nimekwenda zahanati. Muuguzi kasema keki moja ya nanasi huyeyuka kwa kutembea karibu saa nzima. Kanipa kidude cha kuhesabu hatua, cha kuvaa kiunoni. Nilivyomwelewa: ukitembea, ule.

Jumanne, 19 Novemba

Sebuleni kuna masanduku arobaini ya keki za harusi, ya kuwagawia jamaa zetu. Mke wangu Yueh-e alitaka kuita gari. Nimekataa. Nitayapeleka kwa miguu! Mji mzima wa Tainan, ngazi kwa ngazi. Kaduwaa.

Jioni. Hatua elfu kumi na moja, masanduku sita. Tatizo moja: jamaa hufungua sanduku papo hapo. Shangazi Kim-lien wa ghorofa ya nne kakata kipande kama tofali, akasema baba wa bibi harusi asipoonja ni nuksi. Nani anataka nuksi? Nyumba sita, vipande sita. Mwendo saa mbili na nusu, keki kama tatu. Karibu sare!

Jumatano, 20 Novemba

Magoti yamevimba. Akili haijavimba. Asubuhi nimekificha kidude ndani ya kikapu cha Yueh-e alipokwenda sokoni. Kimerudi na hatua 14,302! Hatua za mke ni hatua za mume; tumeishi pamoja miaka thelathini na moja. Nimekula maandazi mawili ya ufuta, nikanywa chai ya maziwa yenye vitonge vya muhogo, na bado zikabaki hatua elfu mbili. Zimeishia kwenye karanga.

Alhamisi, 21 Novemba

Yueh-e kakikuta kidude chini ya kabichi. Hakufoka. Afadhali angefoka! Kanikabidhi masanduku kumi na kusema: “Haya, mzee wangu. Leo tembea na miguu yako mwenyewe.”

Nikatembea. Karibu na hekalu nikajibanza nyuma ya pikipiki, nikafungua sanduku la binamu mmoja ambaye hatupendani sana. Mara Ting-yuan, juu ya baiskeli!

“Shemeji, una nini mdomoni?”

“Dawa.”

“Dawa ya nini?”

“Ya kupungua.”

Nikapaliwa. Kanipiga mgongoni, kaninywesha maji yake, kisha akaapa kwamba hatamwambia mtu. Akaongeza: “Mpaka Jumamosi.” Nyoka!

Ijumaa, 22 Novemba

Nimeongezeka kilo moja na robo. Mizani ni mbovu. Pei-chun kanikuta nimelala sakafuni, mama yake ananivuta koti kulia, mimi navuta kushoto. Kasema nivae hata fulana, mradi niwepo. Nikamwambia baba ni ahadi. Kakaa sakafuni kando yangu. Kesho chumba chake kitakuwa kitupu.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimelivaa! Wazi, bila kifungo. Meza ishirini na nane zikageuka kutazama. Mlangoni mwa ukumbi Pei-chun kashika mkono wangu, kasogeza shada lake la maua mbele ya tumbo langu. Akanong'ona: “Pumua, Baba. Nimekuziba.”

Nikapumua. Mgongoni: krrraa! Mshono wote, kutoka kola hadi chini.

Ting-yuan alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima cha mjomba. Nikajua nimekwisha. Akainuka, akaja nyuma yetu akipiga makofi, akanifuata unyounyo hadi jukwaani. Watu wakadhani ni furaha, nao wakainuka kupiga makofi. Hakuna aliyeona kitu. Nililia kama mtoto, na sikujali.

Mezani nikamshukuru. Kasema: “Nyamaza, ule samaki.” Nikala samaki. Na bata. Na wali wake yeye.

Jumapili, 24 Novemba

Nyumba kimya. Masanduku mengine yaligawiwa jana ukumbini; matatu yamebaki. Yueh-e kauliza kama sasa nimeelewa alichosema muuguzi. Nimemwambia nimeelewa kuliko muuguzi mwenyewe. Kosa langu lilikuwa kula keki nzima nikiwa nimekaa. Kuanzia leo naikata vipande vinane, naiacha jikoni, na kila kipande nakifuata kwa miguu. Hatua kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi.

Mpaka sasa nimekwenda mara kumi na tisa. Nahisi wepesi ajabu!