Kitambaa cha Maame Akyaa na Mashine Inayochemka

Jumatatu, 15 Januari

Imezima tena. Nimeketi, nimefungua bango, nimeanza kuandika jina la marehemu, skrini ikawa nyeusi tii. Hata koose zangu, bagia za kunde za asubuhi, hazijapoa. Nimeigusa mashine, kompyuta yangu ya dukani, ubavuni: moto! Ningeweza kukaangia koose nyingine hapohapo.

Nimechoka kabla wiki haijaanza. Na wiki yenyewe si ya kuchoka. Jumamosi tunamzika mama mkwe wangu, Maame Akyaa, miaka tisini na moja. Kila mkwe atasimama mbele ya ukoo, na kipaza sauti kitatangaza alicholeta cha kumsindikizia mama. Mwanyumba wangu Gyamera, aliyemuoa Konadu, dada wa mke wangu, anakuja kutoka Takoradi na jeneza la vipini vinavyong'aa, mkeka, mito na vitambaa vya kente. Mimi nimeahidi bango na kitabu cha mazishi. Ndiyo kazi yangu, duka langu la mabango ya misiba linajulikana Bantama nzima. Bila bango nitasimama mikono mitupu, na ukoo wote utaamini alichosema Maame Akyaa siku ya posa: kwamba binti yake anaolewa na mtu wa kubonyezabonyeza.

Bango nalitengenezea juu ya la mteja aliyepita, dereva kijana. Maandishi yake makubwa mekundu: MSHTUKO MKUBWA! Hayo ni ya wanaokufa mapema. Kwa bibi wa umri huu tunaandika AMEITWA KWENYE UTUKUFU. Nitabadilisha mwishoni. Kwanza joto.

Sababu naijua. Vumbi! Upepo wa harmatani mwaka huu umebeba jangwa zima. Nimeipuliza mashine, nimeifuta, kisha nimeifunika vizuri kwa kitambaa cha kufuma, mbele, nyuma na ubavuni, mpaka chini. Kitambaa hicho alinifumia Maame Akyaa mwenyewe nilipofungua duka. Kitu pekee alichowahi kunipa, ukiacha maneno. Alisema nikifunikie kile kidude changu kisife kwa vumbi.

Imezima tena saa ya chakula. Mke wangu Afriyie ameshauri nitoe kitambaa ili mashine ipumue. Nimemjibu kwa upole kwamba mama yake bado hajazikwa, aone haya.

Jumanne, 16 Januari

Leo upasuaji. Nimefungua sanduku lote. Ndani kuna prosesa, ubongo wa mashine, ndogo kama biskuti. Juu yake kuna pande la bati lenye feni ya kuipoza, na katikati hupakwa dawa ya kijivu ya kupitisha joto. Yangu imekauka ikawa unga. Mchawi nimemkamata!

Dawa inauzwa Adum, katikati ya mji. Kwenda Adum na vumbi hili? Nikakaa nikafikiri. Dawa ni kitu kizito cha kupaka, basi. Midomo ikipasuka, tunapaka mafuta ya shea. Mtoto akiteguka, shea. Goti la Wofa Kwarteng, mjomba mkuu wa ukoo wa mke wangu, limetembea kwa shea miaka yote hii. Prosesa ni nani hata iikatae?

Nimepaka kwa ukarimu. Nimefunga, nimefunika vizuri, nimewasha. Ilifanya kazi kama harusi! Duka likanukia kama mtoto mchanga. Niliwahi kuweka picha ya marehemu na nusu ya wasifu. Kisha kitu kikaanza kudondoka chini ya meza. Tone, tone. Skrini ikazima.

Nimeshinda nikifuta mafuta kwa fulana. Jioni Afriyie ametoka na kopo lake la shea, akauliza ni nani amelichimba kwa bisibisi. Nimesema panya. Akaniuliza panya gani anayepaka mafuta.

Jumatano, 17 Januari

Nimekwenda Adum. Nimerudi mwekundu kama tofali, lakini nina dawa ya kweli. Nimepaka kidogo, kama alivyonielekeza muuzaji. Feni inazunguka. Nimefurahi. Nimefunika vizuri.

Imezima.

Sasa nimekosea nini mimi? Nimeketi nikaitazama tu ile mashine, nayo imevaa kitambaa chake cheupe kama bibi harusi aliyekasirika.

Katikati ya majonzi hayo Gyamera amepiga simu. Anazungumza polepole, kama anavyozungumza na watu anaowahurumia. Amesikia nina matatizo ya mitambo. Takoradi kuna kijana anatengeneza mabango mazuri mno, nikitaka, ataleta na bango pia. "Usijisumbue mwanyumba, sote ni familia moja." Familia moja! Nimemwambia bango limekwisha, liko kwa mchapaji. Nimekata simu.

Na Konadu ndiye aliyemwambia, na Konadu aliambiwa na Afriyie. Naishi na redio ndani ya nyumba.

Nimewaza pia: mashine ilianza kuchemka wiki ileile Gyamera alipokuja kusalimia msiba. Alisimama karibu nayo. Aliishika. Sisemi kitu, naandika tu.

Alhamisi, 18 Januari

Mimi ni mtu mwenye akili na sitaki kubishana tena juu ya hilo.

Kinachochemka kipelekwe kwenye baridi. Maame Dufie jirani ana duka la samaki na kuku wa barafu. Nimemwomba kona moja tu. Akaniuliza kama mashine yangu inauzwa kwa kilo. Nimecheka, maana nilikuwa naomba. Nimeibeba mwenyewe hadi pale, nikaiweka kati ya vibua na miguu ya nguruwe. Kitambaa nimekiacha dukani. Kingenuka samaki, na kile si kitambaa cha samaki.

Haikuzima! Asubuhi yote! Wateja wakija kununua migongo ya kuku walinikuta nimevaa koti la mvua na kofia ya sufu, natengeneza mazishi. Mmoja alinipa pole ya msiba kisha akaniomba nimsogezee vibua. Nimemaliza wasifu, nyimbo, orodha ya watoto, wajukuu, vitukuu na wakwe. Nimebadilisha maandishi makubwa kuwa AMEITWA KWENYE UTUKUFU. Wofa Kwarteng akaja na kigongo chake, akasoma kila mstari, akasema ni safi. Safi! Neno hilo sijawahi kulisikia upande ule wa ukoo.

Ningeenda kwa mchapaji moja kwa moja. Najua, ningeenda. Lakini kwenye orodha ya wakwe jina la Gyamera lilikuwa juu ya langu, maana Konadu ndiye mkubwa. Ni haki hiyo? Nani ametengeneza hiki kitabu? Nimerudi dukani, nimeifunika mashine vizuri, nikafungua kazi niongeze ukubwa wa jina langu kidogo na kupunguza wa lake kidogo. Kidogo sana. Mtu asingegundua.

Nikabonyeza kuhifadhi. Ikazima ikiwa katikati ya kuhifadhi. Nilipowasha, kazi ya leo yote haifunguki.

Nimekaa sakafuni.

Ijumaa, 19 Januari

Duka la barafu la Maame Dufie limefungwa, amekwenda Tafo kufuata mzigo. Nimerudia kila kitu dukani kutoka kwenye kazi ya Jumatatu, mashine ikizima, nikiiwasha, ikizima. Nimeandika vitukuu kwa kubahatisha. Mchapaji amenipigia, anataka kufunga. Nimekimbia.

Jina la Gyamera nimeliacha juu. Sina nguvu za chuki leo.

Jumamosi, 20 Januari

Tulifika asubuhi, nguo nyeusi na nyeupe, watu wamejaa. Bango langu langoni, kubwa kama mlango wa kanisa. Nikaliona kwa mbali, nikajivuna. Nikasogea. Picha nzuri ya Maame Akyaa, shanga shingoni, na juu ya kichwa chake, nyekundu: MSHTUKO MKUBWA! Chini yake: miaka 91.

Nililibadilisha Alhamisi. Jana sikulibadilisha.

Gyamera alikuwa amesimama pale akisoma kwa sauti kwa faida ya wageni. Aliuliza kama tulitarajia mama afike mia mbili. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, msibani! Wofa Kwarteng hakucheka. Alinitazama tu, akaegemea kigongo. Nilitamani ardhi ya Bantama yote inimeze.

Ikaja zamu ya wakwe. Kipaza sauti kikamtangaza Gyamera: jeneza, mkeka, mito, kente, chupa za kinywaji. Makofi. Kisha likaitwa jina langu, Yaw Boadi, basi; bango na kitabu hakuna aliyetaka kuvitaja. Nilisimama. Mikono sikujua niiweke wapi.

Ndipo Afriyie akapita katikati ya watu. Mkononi ana kitambaa cha kufuma, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Alikitoa dukani nikiwa kwa mchapaji, mimi nisijue. Akawaambia ukoo: "Hiki alikifuma mama mwenyewe, macho yake yalipokuwa bado mazuri, akampa mume wangu. Na mume wangu hajakiacha hata siku moja. Amegombana na mimi kwa ajili yake. Leo anamrudishia mama akilalie."

Wanawake wakaanza kulia. Hata Konadu. Wakamwinua Maame Akyaa kichwa, wakakitandika juu ya mto wa kente wa Gyamera. Wofa Kwarteng akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema na kuhusu lile bango, kwake yeye ni kweli, amepata mshtuko, dada yake alikuwa bado anamshinda bao wiki ileile aliyofariki. Akaniita mkwe wetu. Nililia mbele ya watu wote na sikuona haya.

Alinifumia. Mtu wa kubonyezabonyeza, na alinifumia. Sikuwahi kumshukuru vizuri, na sasa nimechelewa.

Nimewaza pia mashine itafunikwa na nini.

Alhamisi, 1 Februari

Tangu mazishi mashine haijazima hata mara moja. Inafanya kazi mchana kutwa, baridi kabisa, iko uchi mezani. Nimelichunguza jambo hili kwa makini na sababu ni mbili: Maame Akyaa ananiombea huko aliko, na ile shea hatimaye imeingia ndani.

Lakini vumbi limezidi, siwezi kuiacha hivyo. Nimemwagiza mfumaji wa Krofrom kitambaa kipya, sufu nzito, chenye blanketi kwa ndani, na mifuniko ya kuziba yale matundu ya nyuma yanayoingiza uchafu. Kimekuja leo asubuhi. Kimekaa kama suti. Afriyie amesimama mlangoni, ameitazama mashine, amenitazama mimi, akaenda jikoni.

Kazi zinamiminika. Kila aliyeliona lile bango anataka la kwake. Nimeahidi mawili ya Jumamosi hii.

Imezima mara mbili tangu saa sita. Gyamera alipita jana kuaga kabla ya kurudi Takoradi, na nakumbuka vizuri alisimama karibu na meza.