Vita vya Taa ya Bafuni na Ufunguo wa Gari la Marehemu

Sogeeni karibu, enyi wote mliowahi kupapasa ukuta gizani mkitafuta mahali pa kubonyeza. Nanyi mnaojivunia swichi zenu za kawaida, shusheni pua kidogo mkae kitako. Kwa kuwa hizi ndizo habari za Bwana Mitambo, Mtiisha Nyaya, Mlinzi wa Chaja Tisa, na jinsi alivyoiwasha taa ya bafu lake mwenyewe, siku ya Jumamosi, kati ya saa saba na nusu mchana na saa kumi na robo. Taa yenyewe ilikuwa moja, ya wati tisa.

Siku za kazi shujaa huyu alikuwa karani katika ghala la vigae, mtu mpole asiyemsumbua mtu. Lakini kila alipovua viatu mlangoni kwake, alijivika utukufu. Pazia la sebuleni lilipanda aliposema lipande, na halikukwama zaidi ya mara mbili. Birika lilimtumia ujumbe kwamba limechemka, hata alipokuwa amesimama kando yake. Kuhusu magari alikuwa na mawazo mengi, na hakuna mgeni aliyenusurika kuyasikia: kwamba gia za mkono zilipaswa kukoma zamani, kwamba gari la kweli ni kompyuta iliyofungwa magurudumu, na kwamba kompyuta isiyofunguliwa mgongo walau mara moja kwa mwezi hudumaa. Juu ya yote alishika imani moja kuu, kwamba chochote ambacho binadamu bado anakizungusha au kukibonyeza kwa mkono ni aibu ya kizazi hiki. Kwa imani hiyo, majuma matatu kabla ya vita, aling'oa swichi zote za ukutani, akaziba matundu kwa plasta na kupaka rangi, ili taa zote za nyumba ziitii simu yake peke yake.

"Sasa ukifa tutakaa gizani?" aliuliza mkewe, mwalimu wa hesabu.

"Mke wangu," alijibu Mitambo, akiweka mkono kifuani, "siku nitakapokufa, mfumo utakujulisha."

Basi Jumamosi hiyo mama mkwe alikuja. Alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, asiyepoteza maneno. Ndani ya mkoba wake mweusi mlikuwa na ufunguo wa gari la marehemu mumewe, gari la buluu la tangu enzi za kabureta, ambalo kwa miaka kumi na moja alilifunika turubai na kuliwasha kila Jumapili lisije likafa. Sasa alikuwa ameamua kulitoa. Wakwe wa kuligombea walikuwa wawili: Mitambo, na mwanyumba wake, yaani mume wa dada wa mkewe, muuza nyama asiyejua plagi iko upande gani wa injini. Mitambo alilitamani gari lile tangu siku alipokwenda kuposa. Lilipofunuliwa mbele yake alilizunguka mara tatu, na wazee wakalazimika kumkumbusha alichokuja kuomba. Wiki nzima hakulala vizuri. Alilitaka kwa moyo wake wote, na hakujua kuificha hamu hiyo.

"Saa kumi naondoka, na kabla sijaondoka nitakuwa nimeshaamua," alisema mama mkwe walipomaliza kula. "Nataka mtu wa kulitunza tu, basi. Bafu liko wapi, mwanangu?"

Bafu lilikuwa katikati ya nyumba, halina dirisha. Mitambo akaiamuru taa kwa sauti ya jemadari, taa ikawaka, mama mkwe akaingia na kufunga mlango. Na hapo ndipo adui alipobisha hodi. Kwenye simu kulitokea ujumbe: taa zako zina programu mpya, sasisha sasa, au baadaye. Watu wengine wangebonyeza baadaye. Mitambo hakuwahi kulichagua neno hilo maishani mwake, isipokuwa alipoombwa kufua. Akabonyeza sasa, na taa ya bafuni ikazimika.

Kisha sauti ikatoka ndani.

"Mwanangu, umeme umekatika?"

Umeme haukukatika. Friji lilikuwa likinguruma jikoni, na kila mtu alilisikia.

"Ni mabadiliko madogo ya mfumo, mama," alijibu kwa mbali, maana mkwe mwenye adabu hausogelei mlango wa bafu alimo mama mkwe. "Naomba unistahimilie dakika mbili."

Enyi mliopigana na simba, hamkuona kitu. Mitambo alisema, "Taa, waka," na taa haikuwaka. Akasema tena, taratibu, kwa heshima. Kile kisanduku cheupe cha sebuleni, kilichokuwa kikipeleka amri zake, kikajibu kwa sauti ya upole kwamba hakimtambui. Kikadai neno la siri. Akaandika neno la siri lenye herufi ishirini na mbili, alilolitunga mwenyewe ili asiweze kulibahatisha adui yeyote, na mara mbili hakuweza kulibahatisha yeye. Mara ya tatu kisanduku kikakubali, kikatuma namba za uthibitisho kwenye simu ya mkewe. Akainyakua simu ya mkewe. Namba hazikufika.

"Leta tochi," mkewe alisema.

"Tochi niliifungua juzi. Nilikuwa naiongezea nguvu."

"Basi nipe simu yangu nimmulikie mama."

"Simu yako inasubiri namba. Ukiigusa tunaanza upya."

"Yule ni mama yangu, yumo mle gizani, wewe unaniambia habari za namba?"

Saa ya shujaa ilikuwa imewadia. Alipanda juu ya kiti cha sebuleni, simu moja kila mkono, akaihutubia dari. "Ewe taa," alisema, "ni nani aliyekutoa kwenye kasha la kadibodi akakupa jina? Ni nani aliyekufunza rangi kumi na sita, ilhali watu wa nyumba hii walitaka moja tu? Nilikutoa katika utumwa wa swichi. Nilikwambia kwamba hutaguswa tena na kidole chenye mafuta ya kupikia. Leo nakuomba jambo dogo, mbele ya mkwe wangu, nawe unanigeuzia mgongo?"

Nyuma yake mlango ulifunguka. Mama mkwe alitoka kwenye lile giza amenawa mikono, kitambaa cha kichwani hakijapinda hata kidogo.

"Nimezalisha watoto kwenye giza nene kuliko hilo," alisema. "Sabuni tu ndiyo nimeitafuta sana."

Mitambo akashuka kwenye kiti. Mama mkwe akaupapasa ukuta kando ya mlango, kidole chake kikasimama mahali palipokuwa laini kuliko pengine.

"Hapa palikuwa na swichi."

"Palikuwa nayo, mama."

"Iliharibika?"

Mitambo angeweza kudanganya. Kwa sifa yake iandikwe kwamba hakudanganya. "Hapana," alisema. "Ilikuwa nzima."

Mama mkwe alitikisa kichwa taratibu, akaushika mkoba wake. "Lile gari baba yenu aliliwasha kwa ufunguo miaka ishirini na saba. Ningekupa, ungelifanyia nini?"

Na hapo, masikini, macho yake yaking'aa, Mitambo akasema yote. Alisema angeanza kwa kung'oa mahali pa ufunguo. Angeweka kitufe kinachosoma alama ya kidole, na skrini pana pale kwenye redio, na gari lingeamka kwa kuitwa jina. Mkewe alimkanyaga mguu, yeye akaendelea mpaka taa za breki. Aliponyamaza, mkoba ulikuwa umeshafungwa zipu.

"Una akili sana, mwanangu," alisema mama mkwe, na alilisema kwa upendo. "Gari nampa muuza nyama. Yeye hajui kitu, hataligusa."

Alipoondoka, Mitambo alikaa sakafuni ukumbini, simu mapajani, na kwa kweli jambo hilo lilimuuma. Mkewe alimpa chai. Ndipo, saa kumi na robo, namba za uthibitisho zikawasili. Akaziandika, na chini ya mlango wa bafu ukatokea mstari wa mwanga.

Ikawaka. Ikawaka juu ya bafu tupu, juu ya sabuni isiyotafutwa tena na mtu, nyeupe, kamili, bila kuguswa na mkono wa binadamu. Vizazi na vikumbuke siku hiyo, na karani wa ghala la vigae aitwe Mwasha Taa, aliyeleta nuru ndani ya saa mbili na dakika arobaini na tano tu. Wala nuru hiyo haikuzimika. Haikuzimika kwa amri, wala kwa neno la siri, wala kwa kuombwa msamaha, kwa kuwa programu mpya ilisahau kuja na njia ya kuzima.

Nayo huwaka hata leo, kila siku, hadi familia inapokwenda kulala. Hapo Bwana Mitambo huchukua kigoda na kitambaa cha jikoni, hupanda, na kuizungusha kwa mkono hadi izimike.